Mama wa Kujaza Lisiti

Willy, katibu wa chama, alifika kwa Mama Pulchérie siku moja ya mwezi wa saba akaomba vitu viwili tu: foto mbili za pasipoti na sahihi.

Pulchérie alikuwa amechuchumaa uani, anakata miti ya muhogo vipande vipande kwa ajili ya kupanda. Ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana. Miaka ishirini na sita alikuwa mwalimu wa kilimo wa serikali, monitrice kama wanavyosema kule, akitembea kwa miguu kutoka vijiji vya kando ya ziwa hadi milimani juu ya Fizi, akifundisha watu kuchagua mbegu isiyoshikwa na ugonjwa wa majani. Kuanzia Baraka hadi Fizi-Centre, ukisema "Mama Monitrice" hakuna aliyekuuliza ni yupi.

"Sahihi ya nini?" aliuliza.

"Ya udepite, mama. Depite wa taifa, mbunge wa Kinshasa. Tunakutia kwa lisiti yetu ya Fizi, ile ya bagombea ba chama."

Pulchérie aliweka panga chini, akainuka taratibu kwa sababu ya magoti. "Mi? Niende Kinshasa?"

Willy akacheka, wala hakucheka kwa ubaya. "Hapana, mama, usiogope. Hautaenda fasi yoyote. Sheria ya sasa inasema, lisiti ikiwa na bamama nusu, chama hakilipi garanti, ile feza ya kuandikisha bagombea. Banaume tuko nabo bengi. Bamama ndio banakosekana. We utie sahihi, basi, imeisha. Kampanye atafanya mheshimiwa Henri."

Henri alikuwa mfanyabiashara aliyezaliwa Baraka na kuhamia Kinshasa zamani. Ndiye aliyekuwa kichwa cha lisiti, na sura yake ilikuwa tayari imechapishwa kwenye kofia.

Pulchérie alitia sahihi, foto akaahidi kuzipeleka baadaye. Siku za baadaye alijiuliza kwa nini, asipate jibu moja la kumtosha. Ila aliona wazi kwamba kama Willy asingesema "usiogope," pengine angemrudishia kalamu yake. Alasiri ile alikwenda dukani akanunua daftari la mistari, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza: *Nikifika, nitasema nini?*

Swali lile lilimchukua miezi mitatu. Alikuwa mjane, mtoto wake pekee, Dorothée, ameolewa Lubumbashi, kwa hiyo hakuna aliyemkatiza. Aliandika kuhusu barabara ya kutoka Baraka kupanda Fizi, ambayo mvua ikinyesha siku mbili lori linalala njiani wiki nzima na nyanya zinaoza ndani. Kuhusu vizuizi vya barabarani, zile bariere ambazo kila mwenye bunduki alijiwekea yake, mpaka mwanamke mwenye kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani, akifika sokoni amebaki na nusu ya kikapu. Aliandika kwamba mtoto apewe karatasi ya kuzaliwa kijijini kwake, asilazimike kuifuata mpaka mjini. Alifuta sana. Neno kama "maendeleo" aliliandika mara moja, akalitazama, akalikata.

Mtu wa kwanza kusomewa daftari alikuwa dada yake, Rosette. Huyu alikuwa mkubwa kwake kwa miaka minne, naye mjane, na nyumba zao zilipakana. Tangu waume zao wafariki walikuwa wanapika kwenye babula moja, jiko la makaa, huyu analeta makaa, yule analeta samaki. Rosette hakuwa mtu wa siasa, lakini alisikiliza huku akichambua sombe, majani ya muhogo, mara kwa mara akiinua kidole.

"Hapo kwa bariere, sema kwa nguvu. Hapo bamama batapiga makofi."

"Nitasema, yaya," alijibu, neno la kule la kumwitia dada mkubwa.

"Na usivae ile blauzi ya kazi. Nitakushonea kikwembe."

Akamshonea kweli, vazi la kitenge la rangi ya kijani lenye mikono mipana, akalipiga pasi mwenyewe, na Pulchérie akapigwa foto za chama akiwa amelivaa.

Kulikuwa na ukurasa mmoja ambao Pulchérie hakuusoma. Ulihusu soko la Lwesi.

Lwesi ni mahali palipo katikati ya mlima, mwendo wa nusu siku kutoka Fizi. Zamani kila Jumamosi watu wa ziwani walipanda na mafuta ya mawese, chumvi na samaki wakavu, na wafugaji wa milima ya Bibokoboko na Minembwe walishuka na viazi, maharage, maziwa na ng'ombe. Pulchérie alikuwa akigawa mbegu pale. Halafu vita vya kijiji kwa kijiji vikaja, ng'ombe wakaibwa, nyumba zikachomwa huku na huku, na soko likafa. Miaka mitatu nyuma, mtoto wa pekee wa Rosette, Bienfait, aliyekuwa akifanya biashara ya viazi, alipanda milimani kutafuta mzigo na akauawa njiani. Nani alimwua hakuna aliyejua kwa hakika. Mtaani walisema ni watu wa milimani, na Rosette hakungoja hakika.

Ukurasa ule ulisema soko la Lwesi lifunguliwe kwa watu wote, wa chini na wa juu. Serikali ilinde siku ya soko tu, na kina mama wa pande zote mbili wakae kwenye kamati yake. Pulchérie aliuandika mara moja bila kufuta hata neno. Kila jioni alipofunga daftari alijiambia kesho atamsomea dada yake.

Kampeni ilifunguliwa mwezi wa kumi na moja. Henri alipita Baraka na magari manne na muziki, akapunga mkono, akaendelea. Chama hakikumpa Pulchérie chochote ila namba yake ya lisiti. Yeye na Rosette wakapanda pikipiki mbili hadi Fizi-Centre, na mwalimu mmoja wa zamani akawapa kivuli cha ukuta wa shule. Walikuja watu kama sitini, wengi wao wakulima waliomjua.

"Munanijua," alianza. "Sikuleta tisheti. Sikuleta chumvi. Nilileta miti ya mihogo zamani, na kama ilioza munaweza kuniambia sasa hivi."

Watu wakacheka. Rosette, aliyesimama pembeni akiwa na mkoba wa dada yake begani, akacheka pia. Barabara ikapita vizuri. Kwenye bariere bamama walipiga makofi, kama Rosette alivyotabiri. Pulchérie akafunua ukurasa wa mwisho, na sauti yake ikashuka kidogo.

Alipomaliza kusoma, mzee mmoja wa mbele aliuliza, "Yaani na bale ba kule juu, nabo bashuke?"

"Nabo bashuke, baba. Na sisi tupande."

Hakuna aliyezomea. Wangezomea ingekuwa afadhali, maana angejua la kujibu. Walinyamaza tu, na katika ukimya ule aliona Rosette akivua mkoba begani, akiuweka chini kwa uangalifu kama kitu cha mtu mwingine, akapita katikati ya watu na kushuka barabarani kwenye pikipiki. Hakugeuka. Pulchérie alimaliza hotuba yake kwa sababu hakujua namna ya kuikatiza.

Alipofika nyumbani alasiri, Rosette alikuwa uani anaosha sahani zisizokuwa chafu.

"Yaya."

"Usiniite yaya."

"Nilitaka kukuambia."

"Ulinisomea daftari yote. Ukurasa moja ukaficha. Juu ya nini?"

"Niliogopa."

Rosette akainua uso. "Uliniogopa mi. Batu ba Fizi yote haukubaogopa, paka mi peke yangu."

Pulchérie alivuta kigoda. Akakaa, kikwembe cha kijani kikiwa na matope mpaka magotini. Mwishowe akasema lile alilokuwa amelifikiria kwa miezi mitatu, na lilipotoka mdomoni akajua limekosea mahali pa kutokea. "Bienfait alienda mbali juu ya soko kufungwa. Lwesi ingekuwa wazi, hangepanda mpaka kule."

"Usitie mutoto wangu ndani ya kampanye yako."

"Sikumutia—"

"Umemutia sasa hivi." Rosette akakausha mikono. "Mi sisemi batu ba juu bote babaya. Mungu anajua. Lakini nikienda sokoni nikute mutu anauza viazi, nitamuangalia mikono. Kila mutu nitamuangalia mikono. We unaweza kuishi vile? Mi siwezi. Na haukuniuliza."

Akainua babula yao kwa vishikio vyote viwili, ingali na majivu ya jana, akaiingiza nyumbani kwake, akafunga mlango.

Kuanzia siku ile Pulchérie alifanya kampeni peke yake. Kwaya ya kanisa, ambayo alikuwa akiimba sauti ya pili, ilimwambia kwa heshima kwamba anaweza kupumzika hadi uchaguzi upite. Afishi zake, karatasi ndogo zenye picha yake alizochapishiwa Uvira, hazikuchanwa. Zilifunikwa tu na za wengine, na akipita kesho yake anakuta jicho lake moja linachungulia pembeni mwa sura ya mtu. Kwenye simu aliletewa ujumbe usio na jina: *Mama, uzee mwema ni kunyamaza.* Aliusoma mara nyingi. Aliona umeandikwa na mtu anayejua kuandika, pengine mtu aliyewahi kukaa kwenye semina zake.

Kilichomchosha zaidi ya vitisho kilikuwa kula. Miaka sita alikuwa amezoea kupikia watu wawili, na mkono wake haukusikia. Kila alipopika bugali ilibaki, akaila asubuhi ikiwa ngumu, amesimama, huku akisikia kikohozi cha dada yake upande wa pili wa ua.

Siku moja alikwenda Lusenda, karibu na kambi ya wakimbizi wa Burundi, ambako mkuu wa kijiji alimwahidi mkutano. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na dereva wa pikipiki alimwacha kwenye mchanga wa mto, naye akatembea sehemu ya njia iliyobaki. Alikuta watu kama ishirini na watano wamekaa chini ya turubai, wengi wao wanawake, wakimngoja kwa adabu. Alifurahi. Alisema yote, la Lwesi pia, akaona vichwa vinatikisika kukubali.

Alipomaliza, mwanamke mmoja aliinuka. Alikuwa Nibigira, mkulima ambaye Pulchérie aliwahi kumpa miti ya muhogo katika mwaka wake wa kwanza kambini.

"Asante, mama. Umesema vizuri. Lakini tukuambie ukweli usije ukajisumbua. Hapa sisi wote tuko bakimbizi. Kadi ya kura hatuna."

"Wote?"

"Wote. Wenyeji bamekataa kuja juu ya ile maneno ya soko. Sisi tukasema, haiwezekani Mama Monitrice akute turubai haina mutu."

Pulchérie aliwatazama. Akafunga daftari lake. Nibigira akamshika mkono, akamkalisha, akamletea kikombe cha uji wa mtama, na kwa saa nzima waliongea juu ya panya wanaokula mihogo shambani. Hiyo ndiyo siku nzuri pekee aliyoikumbuka katika kampeni yote.

Henri alipiga simu siku chache kabla ya mwisho. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu aliyekaa kwenye kiti kizuri.

"Mama Pulchérie, nasikia unafanya kazi. Félicitations, hongera. Lakini hiyo mambo ya Lwesi, tuiache. Inatuharibia lisiti."

"Mheshimiwa, munipe sababu."

"Sababu ni kura."

"Willy aliniambia mi niko kwa lisiti juu ya kujaza nusu. Mutu wa kujaza anaharibu nini?"

"Mama, mi sikatai soko. Mi mwenyewe baba yangu alikula viazi ya Lwesi. Lakini kuko na wakati."

"Wakati gani, mheshimiwa?"

"Nyuma ya uchaguzi."

"Basi nyuma ya uchaguzi nitakukumbusha," Pulchérie akasema, na simu ikakatika.

Kesho yake alipanda Lwesi. Hakuna aliyemtuma, na mwalimu wa Fizi alimwonya. Kwenye kizuizi cha mwisho askari mmoja alimwuliza anaenda kufanya nini kule peke yake. Alipojibu "kampanye," askari wote wawili wakacheka, wakamwinulia mti apite.

Alifika mchana. Vibanda vya soko vilikuwa vimelala chini, na mahali pa kupimia ng'ombe majani yalifika kiunoni. Alisimama pale na daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki asijue afanye nini nalo. Kisha akasikia mundu. Wanawake wawili, mmoja wa makamo na mkwe wake, walikuwa wanakata majani ya kuezekea. Walipomwona walisimama, na mkubwa akaushika mundu kwa nguvu.

"Mi ni Pulchérie. Monitrice wa Baraka. Nilikuwa nikigawa mbegu hapa."

Yule wa makamo alimtazama muda mrefu. "Ya viazi," akasema. "Viazi nyekundu."

"Ile nyekundu, ndiyo."

Jina lake lilikuwa Namahoro. Kijiji chao, upande wa Bibokoboko, kilichomwa, wakakaa kwa watu mwaka mzima, sasa wamerudi kaya saba. Hakuulizwa mengi na hakusema mengi. Pulchérie alimwambia alichokijia. Namahoro akauliza, "Batu bako bako wapi?"

"Batu gani?"

"Mugombea anakuja na batu."

"Niko peke yangu."

Namahoro alimwambia mkwe wake neno kwa lugha yao, na yule binti akacheka kwa aibu, kisha akaacha. "Mutoto wangu alikufa pale," Namahoro akasema, akionyesha kwa mundu upande wa chini wa njia, bila kulia, kama mtu anayeonyesha mpaka wa shamba. "Nikiona mutu wa ziwani, moyo inaruka. Hata sasa inaruka."

"Najua," Pulchérie akasema. "Dada yangu naye iko vile."

Hapo ndipo alipoelewa kwamba Rosette hakuwa amekosea. Rosette na Namahoro wangeweza kukaa meza moja na kusema neno lile lile, na kila mmoja angekuwa anausema upande wa mwenzake. Yeye, aliyetaka kuwakutanisha, ndiye peke yake asiyekuwa na mtoto aliyeuawa wa kumleta mezani. Alishuka mlima akiwa amechoka sana. Hakuwaomba kura.

Siku ya uchaguzi alipanga foleni tangu asubuhi kwenye shule ya Baraka. Mashine ilichelewa, jua likapanda. Rosette alikuwa mbele yake, watu thelathini hivi, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Pulchérie aliona shingo yake tu. Rosette alipoingia, Pulchérie alihesabu kimoyomoyo, akaona amekawia humo kuliko wengine. Alipotoka alipita kwenye ukuta wa mbali, kidole chake kikiwa na wino, akaenda zake.

Matokeo yalitangazwa mwezi wa kwanza. Willy ndiye aliyemletea karatasi, mara hii akavua kofia mlangoni.

"Mama, kura elfu mbili na mia moja na kumi na nne."

Alikaa. "Zangu?"

"Zako. We ni wa pili kwa lisiti. Mheshimiwa Henri amepita." Willy akakuna kisogo. "Nikuambie kweli, bila zako lisiti haingepata kiti. Kura za batu bote ba lisiti zinajumulishwa, halafu kiti inaenda kwa mwenye nyingi. Ulimubeba mugongoni."

"Zilitoka wapi?"

"Fasi yote. Kidogo milimani, kidogo Lusenda kwa wenyeji, mingi hapa Baraka na Fizi."

Wiki ile Pulchérie alizunguka soko la Baraka kuliko alivyohitaji. Alinunua chumvi ambayo alikuwa nayo. Aliwatazama wauza ndagala, wasaga unga, wanawake wa kwaya, mwanamume anayeshona viatu. Elfu mbili na zaidi walikuwa wameandika namba yake, katika miji ambayo kila mtu alimwambia uso kwa uso kwamba amepotea, na hata mmoja hakujitokeza kusema, "Mi nilikupigia." Walimsalimu kama zamani, wakampimia, wakaangalia pembeni. Hilo lilimkalia rohoni vibaya kuliko kama angepata kura kumi. Kura kumi zingekuwa na majina.

Henri alikuja mwenyewe kabla ya kurudi Kinshasa. Aliketi sebuleni, mkubwa kuliko kiti, akamshukuru kwa maneno mazuri, akampa nafasi ya kazi ofisini mwake kule, kumsaidia mambo ya kilimo.

"Nitaomba kitu ingine," Pulchérie akasema. Akachana ukurasa wa mwisho wa daftari, akampa. "Siku moja usimame ndani ya Bunge usome hii. Kama ilivyo. Hata kama hakuna anayesikiliza."

Henri aliusoma wote, kwa hiyo hakuwa mtu mbaya kabisa. Akaukunja mara nne, akautia mfukoni mwa koti. "Mambo ya Kinshasa iko na njia yake, mama."

"Uliniambia nyuma ya uchaguzi."

"Nilisema," akakubali, akainuka.

Mpaka mvua za mwezi wa tatu hakuna aliyesikia Lwesi ikitajwa popote. Kazi ya Kinshasa Pulchérie aliikataa. Kwaya ilimwita arudi, akarudi, akaimba sauti ya pili. Rosette alikaa benchi la wanawake wa upande wa kushoto na kutoka kabla ya tangazo la mwisho.

Alikuja siku ya Jumatatu, mvua ikiwa inaanza. Pulchérie alikuwa barazani anachagua maharage. Rosette alisimama kwenye ngazi, maji yanamchuruzika mabegani, hakusalimu.

"Nimekuja kukuambia kitu juu nimechoka kukibeba. Sikukupigia kura. Ujue."

"Najua, yaya."

"Haujui. Ngoja." Alipanda ngazi moja, akashika nguzo. "Niliingia ndani. Kwa mashine, wa rais nilichagua, nikamaliza. Nikafika kwa badepite. Nikaandika nambari yako. Foto yako ikatokea kwa kioo, na ile kikwembe yangu ya kijani. Uko unaniangalia. Mutu wa biro ya kura anasema, mama, gusa hapo uhakikishe. Nikashindwa kugusa. Nikashindwa na kufuta. Nilisimama mpaka banalalamika inje. Mwisho nikamuambia atoe karatasi vile iko. Fasi ya badepite ikabakia bila kitu."

Mvua ikazidi. Pulchérie alisogeza ungo wa maharage usilowe.

"Ile foto nilipiga na kikwembe juu ni wewe uliishona," alisema.

"Najua juu ya nini."

"Keti. Unalowa."

Rosette aliketi, si karibu, ncha ya benchi. Walitazama maji yakijaza uani, yakichukua majani na vipande vya miti ya muhogo vilivyosahauliwa. Pulchérie alitaka kumwambia habari za Namahoro na mundu wake, na mtoto aliyefia upande wa chini wa njia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Safari hii aliuliza kwanza.

"Niko na kitu nilikiona Lwesi. Unataka nikuambie?"

Rosette alifikiri. "Hapana," akasema. "Leo hapana."

"Sawa."

Mvua ilipopungua, Rosette akainuka, akakamua ncha ya kitambaa chake, akaenda. Alirudi Alhamisi na samaki wawili, wakala pamoja bila kuongea sana. Baada ya hapo wiki mbili hakuja. Pulchérie akaendelea kupika na kubakiza, na siku za mvua, dada yake asipokuja, alichukua bakuli lake akaketi barazani, akala taratibu akiangalia njia inayopanda kuelekea Fizi.